Jiko la kuni lenye moshi mdogo: maswali ninayoulizwa sana hapa Dodoma

Natengeneza na kuuza majiko ya kuni. Kabla ya hapo niliuza chakula kwa miaka tisa, chai na chapati asubuhi, ugali na wali mchana, kwa hiyo moshi naujua kwa macho yangu mwenyewe. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo watu hunipigia simu kuuliza, au hunisimamisha nayo njiani. Nimeyaacha jinsi yanavyoulizwa.

Dada, jiko la kuni lisilotoa moshi kabisa lipo?

Halipo. Anayekuuzia kwa maneno hayo, mwambie aliwashe mbele yako kwa kuni zako.

Lipo lenye moshi mdogo, na tofauti yake na mafiga ni kubwa kiasi kwamba jirani anaweza asijue kama umeshabandika. Ukuni ukipata joto, kwanza hutoa gesi. Gesi hiyo ikikuta joto kali na hewa ya kutosha, inawaka, na hizo ndizo ndimi za moto unazoziona. Ikikosa kimojawapo, inapanda hivyo hivyo bila kuwaka, nyeupe au ya kijivu, na kukuingia machoni. Kwa hiyo moshi ni kuni ulizokwisha kuzilipia ambazo hazijaungua. Karibu kila jibu lililo hapa chini linarudi kwenye jambo hilo moja.

Nimepanga Area D, mwenye nyumba kakataza moshi. Ninunue jiko gani?

Kabla ya kununua, muulize vizuri alichokataza. Wapo wanaokataza kuni zenyewe, hapo hakuna mjadala. Wengi, ukikaa nao, utakuta wanachochukia ni masizi kwenye dari na ukuta walioupaka rangi juzi, au mpangaji wa dirisha la pili anayelalamika nguo zake zikianikwa zinanuka. Huyo mnaweza kuelewana.

Kama unakaa ghorofani, au jiko lako ni chumba chenye dirisha moja linalotazama korido, acha kuni. Hakuna jiko ninalotengeneza mimi wala fundi mwingine litakalokufaa humo. Tumia gesi au umeme. Kama una ua, nunua jiko la roketi la kubebeka (nitalieleza hapo chini), upikie nje, au chini ya kibanda kilicho wazi angalau pande mbili.

Halafu kuna upepo. Wageni waliohamia hapa na ofisi zao hushangaa upepo wa Dodoma, hasa kuanzia Juni hadi Septemba. Mwingi wake hutoka mashariki na kusini mashariki. Ukiweka jiko upande wa magharibi wa ua, moshi wako kidogo hautapita madirishani kwako. Lakini simama hapo uangalie: magharibi ya ukuta huo kuna nani? Nina mteja wa Nkuhungu aliyenunua jiko zuri kabisa na bado akaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu alikuwa analiwasha saa kumi na moja alfajiri hatua mbili kutoka dirisha la chumba cha mtoto wa jirani. Alilihamisha mita nane tu, mpaka nyuma ya simtanki. Kesi ikaisha.

Na mdomo wa jiko usiuelekeze upepo unakotoka. Upepo ukiingia moja kwa moja, unapoza moto na kuisukuma ile gesi itoke kwa juu kabla haijaungua vizuri. Ukae ubavu kwa upepo, au uweke tofali mbili za kukinga.

Kwani kuni hazijapigwa marufuku?

Majumbani, hapana. Agizo la serikali liligusa taasisi: zile zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa ziwe zimeacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Kwa hiyo mpishi wa shule ya bweni anayenipigia kuomba jiko la sufuria ya lita mia, namwambia ukweli kwamba simtengenezei. Atafute gesi, umeme, bayogesi au mkaa mbadala.

Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Na tusidanganyane, jiko la kuni, hata liwe zuri vipi, halifiki kwenye usafi wa gesi wala umeme. Mimi mwenyewe nina mtungi ndani. Jiko la kuni ni la tarehe 24 mtungi unapokata, la kande na maharage yanayokula gesi, na la nyumba ambazo mtungi bado ni ndoto. Nikiwa muuzaji nasema hivyo, na sijawahi kukosa wateja kwa kusema.

Zaidi ya hapo kuna sheria ndogo za jiji na mkataba wako wa pango. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi kwenye mazingira safi na salama, kwa hiyo jirani anayekohoa hana kisirani, ana haki.

Roketi, la kujenga, la gesi ya kuni, la feni… nashindwa kuchagua.

Roketi ndilo ninalouza zaidi. Ndani yake kuna njia yenye umbo la herufi L: kuni zinaingia kwa mlalo, moto unapanda kwa wima kwenye chumba chembamba kilichozungushiwa kitu chepesi kisichonyonya joto. Mpango huo ulibuniwa na Mmarekani, Larry Winiarski, miaka ya 1980, na mafundi wa dunia nzima wamekuwa wakiuiga tangu hapo, mimi nikiwemo. Uzuri wake ni kwamba linakula vijiti. Vile vitawi vinavyopunguzwa kwenye mashamba ya Kisiki Hai, yale yanayoacha visiki vya miti vichipue upya, kule Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, au matawi ya mizabibu yanayokatwa baada ya mavuno, kwa roketi ni chakula kizuri. Ubaya wake ni kwamba linataka mtu wa kusogeza kuni. Ukiondoka nusu saa kwenda kupiga soga, utakuta limezimika linafuka.

La gesi ya kuni linafanya kinyume: unajaza vipande vifupi ndani ya kopo, unawasha kwa juu, moto unashuka taratibu. Likikubali, moto wake unafanana kabisa na wa gesi na moshi wake ni mdogo kuliko wa roketi. Lakini vipande lazima viwe vidogo na vikavu kabisa, huwezi kuongeza katikati ya kupika, na ukilimwagia kuni mpya kwa juu, linageuka tanuru la moshi. Kwa mtu anayepika wali na mchuzi wa watu wanne linafaa sana. Kwa kande, hapana.

La feni lina kifeni kidogo kinachosukuma hewa, kwa betri au sola. Kwa uchache wa moshi ndilo linaloongoza. Kwa kuharibika pia. Ukinunua, hakikisha fundi anayeweza kubadilisha feni yuko Dodoma.

La kujenga lenye dohani nitalirudia.

Nikiwa kwa fundi au dukani, nitalijuaje zuri?

Usinunue kwa macho. Mara ya kwanza mimi mwenyewe nilinunua kwa macho, kwenye maonesho ya Nanenane pale Nzuguni, jiko linang'aa kama kijiko kipya, na muuzaji alichemsha maji juu yake kwa dakika chache watu wakapiga makofi. Nilipofika nyumbani nikabandika ugali. Ile naanza kusonga tu, jiko likayumba, sufuria ikaegemea, nikashika kwa mkono. Alama ninayo hadi leo kwenye kiganja.

Tangu siku hiyo nina kipimo changu. Nenda na sufuria yako unayoitumia kila siku na fungu la kuni za nyumbani. Kuni za muuzaji huwa zimekaushwa kama biskuti. Kuni zako ndizo utakazopikia. Mwambie aliwashe. Dakika tano za kwanza usihukumu, kila jiko hufuka likiwa la baridi. Baada ya hapo simama upande unakoelekea upepo, ukiwa na ukuta mweusi au kivuli nyuma ya jiko, maana moshi mwembamba hauonekani mbele ya anga jeupe. Unachotaka kuona ni mtikisiko wa joto tu juu ya sufuria. Ukiona uzi wa moshi unaoendelea, uliza kwa nini.

Halafu inua sufuria uangalie kitako. Masizi makavu ya unga ni kawaida. Masizi yanayonata, yanayong'aa kama lami, yana maana kuni ni mbichi au chumba cha moto hakipati joto la kutosha.

Kisha ingiza mkono, jiko likiwa limepoa, upapase ndani. Kuta za chumba cha moto zimezungushiwa nini? Bati tupu litatoboka mapema. Angalia kama kuna kiwavu cha chuma mdomoni cha kuinulia kuni ili hewa ipite chini yake. Mafundi wengi hukiacha ili kupunguza bei, na bila hicho kuni hulalia jivu na kufuka. Kuna jambo jingine dogo ambalo watu hawaulizi: ule mkanda wa bati unaozunguka sufuria. Nafasi kati yake na sufuria iwe kama sentimita moja. Ikiwa pana, joto linapita pembeni bila kugusa chochote. Ikibana sana, moto unakosa pa kutokea na moshi unarudi mdomoni. Ndiyo sababu nakwambia uende na sufuria yako.

Muuzaji ananiambia jiko lake ni "ngazi ya 4". Maana yake nini?

Muulize: ya 4 kwa lipi? Kuna kipimo cha kimataifa, ISO 19867 cha mwaka 2018, kinachopanga majiko kwa ngazi kuanzia 0 hadi 5, na kila sifa ina ngazi yake: matumizi ya kuni, chembe laini za moshi, gesi ya kaboni monoksaidi, usalama, uimara. Jiko linaweza kuwa ngazi ya 3 kwa kubana kuni, yaani angalau asilimia 30 ya joto inafika kwenye sufuria, na likawa ngazi ya 1 kwa moshi. Muuzaji mjanja anakutajia namba kubwa anaficha nyingine. Kwa ajili yako wewe unayekaa karibu na majirani, namba ya kuulizia ni ya chembe za moshi.

Na vipimo hivyo hufanywa maabara, kwa kuni kavu, maji yakichemshwa. Hakuna anayesonga ugali maabara.

Mbona unauongelea sana ugali?

Kwa sababu ndio unaobomoa majiko. Ugali wa uwele au wa mtama, mzito, wa watu wanane: mwiko unaingia na bega zima. Jiko la kilo tatu haliwezi. Chagua lenye kitako kipana kuliko kichwa chake na chuma tatu za kushika sufuria zilizochomelewa. Zile za kupachika zitachomoka. Kama tayari unalo jepesi, lichimbie chini kidogo, sentimita tano hadi saba, au likandikie udongo kwa nje hadi nusu. Mama mmoja wa Bahi amefunga lake kwa waya kwenye kipande cha nondo kilichosimikwa ardhini. Halipendezi, lakini halijawahi kuyumba.

Kuni zipi zina moshi mdogo?

Kavu. Jibu ni hilo, miti baadaye.

Ukuni uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Ukibandika kilo moja ya kuni kama hizo, unachemsha karibu nusu lita ya maji yaliyo ndani ya kuni kabla joto halijakifikia chakula. Moto unapoa, gesi haiwaki, ndio moshi. Kuni zinazofaa ziwe na maji chini ya asilimia 20. Kipimo cha mkononi ni rahisi: gonganisha vijiti viwili. Vikavu vinalia *ta-ta*, vibichi *du-du*. Angalia na miisho, ukuni mkavu una nyufa zinazotoka katikati kama miale. Ganda linabanduka kwa ukucha.

Dodoma tuna bahati ya jua. Kuni zilizopasuliwa unene wa kidole gumba hadi unene wa mkono wa mtoto, zikapangwa juu ya matofali, zikaezekwa bati kwa juu tu huku pembeni pakiwa wazi, kwangu hukauka kwa mwezi mmoja na nusu hadi miwili ya kiangazi. Watu hukosea wanapozifunika turubai mpaka chini. Unyevu unabaki humo humo. Nunua kuni zako Septemba na Oktoba. Ukisubiri mvua za Desemba zianze, utauziwa zilizolowa kwa bei ya juu.

Sasa miti. Mgunga ni mzuri, mzito, unakaa. Mkwaju vilevile. Mwarobaini unawaka vizuri ukikauka. Ukiwa mbichi moshi wake ni mchungu mpaka kwenye koo. Mbuyu usijisumbue, ni sifongo. Minyaa ya ua usiiguse kabisa: utomvu wake mweupe unaunguza ngozi na macho, na moshi wake nao unawasha macho.

Kuna kuni nyingine ambazo zimekuwa nyingi tangu mji uanze kujengwa kila kona, huko Mtumba, Iyumbu, Njedengwa: mabaki ya mbao za ujenzi. Zinauzwa rahisi, na ni kavu, mtu anaona amepata. Zitazame kwanza. Mbao za kumwagia zege hupakwa oili chafu. Zile mbao za tabaka zina gundi. Nguzo na mbao za kuezekea mara nyingi zina dawa ya kuzuia mchwa, na dawa hiyo haipotei motoni, inapanda na moshi na kubaki kwenye jivu, jivu ambalo kesho utalitia kwenye bustani ya mchicha. Chukua mabanzi meupe yasiyopakwa kitu. Mengine mwachie fundi.

Nina jiko zuri na kuni kavu, lakini asubuhi linafuka balaa.

Unawasha vibaya. Usichukie, wengi ndivyo tulivyofundishwa: kuni kubwa tatu, mfuko wa plastiki chini, kisha kupuliza. Plastiki usiwashie kamwe, moshi wake ni sumu na hautoki kwenye chakula.

Anza na vijiti vyembamba kama penseli, vikavu, kiganja kimoja. Magunzi ya mahindi yaliyopasuliwa yanafaa pia. Viwake vizuri kwanza, chumba cha moto kipate joto, dakika mbili tatu, ndipo uingize vijiti vya unene wa kidole, vitatu au vinne, vikiwa na nafasi katikati. Sufuria usiibandike mapema. Kitako cha baridi kinazima ndimi. Baadaye usijaze mdomo. Nusu ya juu kuni, nusu ya chini hewa. Mdomo ukijaa kuni, jiko linakaba kama mtu aliyejaza ugali kinywani.

Ukimaliza, vuta kuni zilizobaki uzizime kwenye mchanga au jivu. Usimwagie maji, wala usiziache zifuke zenyewe. Moshi mwingi unaolalamikiwa na majirani huwa ni wa nusu saa ya mwisho, chakula kimeshapakuliwa na mwenye jiko yuko ndani anakula.

Si bora jiko la kujengwa la udongo au saruji? Ni zito, linatunza joto.

Hapo ndipo penye tatizo, linatunza joto. Joto lililoko kwenye ukuta haliko kwenye sufuria. Jiko la saruji nene linahitaji dakika ishirini na zaidi kupata moto, na dakika zote hizo linafuka. Kwa anayepika mfululizo kutwa nzima, mama lishe kwa mfano, hilo si shida sana. Kwa anayewasha apike chai na azime, ni hasara. Ukijenga, chumba cha moto kiwe cha matofali mepesi, na kati yake na ukuta wa nje ujaze jivu kavu lililochekechwa. Jivu lina hewa ndani yake, halipitishi joto. Mchanga usijaze, unanyonya.

Dohani yangu inarudisha moshi ndani.

Mara nyingi ni moja kati ya haya: imeishia chini ya kilele cha paa na upepo unaipiga kichwani, ina kona nyingi, au imejaa masizi. Ipandishe ipite kilele cha paa, iwe wima, na uifagie kila mwezi kama unapika kila siku. Inapopita kwenye dari au nyasi iachie nafasi na uizungushie bati, nyumba zimeungua kwa hilo. Na kumbuka dohani haipunguzi moshi, inauhamisha. Ukiwa shambani Hombolo sawa. Ukiwa katikati ya nyumba za Chang'ombe, umemtumia jirani.

Ndugu yangu yuko Uingereza, anasema kwao kuna majiko ya kuni yanayoruhusiwa hata kwenye maeneo yaliyokatazwa moshi. Aniletee?

Mshukuru, mwambie akuletee kitu kingine. Yale ni ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, mazito, ya kufungwa mlango wa kioo, na yanahitaji dohani ya kudumu. Kusongea ugali hayafai.

Ila habari yao ina cha kujifunza. Desemba 1952 London ilifunikwa na moshi uliochanganyika na ukungu kwa siku tano, maelfu wakafa, na mwaka 1956 ikatungwa Sheria ya Hewa Safi iliyoruhusu mabaraza kutenga maeneo yasiyotakiwa moshi. Humo kuni unaziwasha kwenye jiko lililopimwa na kuidhinishwa tu, na anayetoa moshi kwenye dohani anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 300 huko Uingereza. Lakini walikuja kuona kwamba jiko zuri peke yake halitoshi, mtu analitia kuni mbichi na moshi uko pale pale. Kuanzia Mei 2021 wakakataza kuuza kuni mbichi kwa mafungu madogo. Wenzetu wenye majiko ya maelfu ya pauni wameishia kwenye jambo lile lile ninalokwambia wewe kuhusu *ta-ta* na *du-du*.

Mkaa hauna moshi. Kwa nini nisitumie mkaa tu?

Moshi wake uliachwa porini kwenye tanuru, huko ndiko uliko. Na kinachobaki ni kibaya kwa namna yake: mkaa unatoa kaboni monoksaidi nyingi, haionekani, hainuki, haikuwashi macho. Moshi wa kuni angalau unakufukuza. Mkaa unakuachia ulale.

Nalisema hili kila Juni na Julai, usiku wa Dodoma unapokuwa na baridi ya kuuma: usiingize jiko chumbani ukafunga mlango. La mkaa, la kuni lililobaki makaa, roketi langu mwenyewe, lolote. Kichwa kikianza kuuma na mwili kulegea mkiwa na jiko ndani, tokeni nje kwanza, mengine baadaye.

Kuna mtoto mwenye pumu nyumbani. Jiko hili litamfaa?

Hapana. Chembe za moshi wa kuni ni laini kiasi kwamba zinafika ndani kabisa ya mapafu, na jiko banifu linazipunguza bila kuziondoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kwa nyumba yenye pumu, mjamzito au kichanga, nunua mtungi hata kama ni wa kilo sita, au jiko la umeme la presha. Jiko langu litakusubiri.

Fedha yangu itarudi lini?

Chukua daftari, andika wiki mbili unatumia kuni za shilingi ngapi. Tuseme ni 1,500 kwa siku. Mafiga matatu hupeleka kwenye sufuria kati ya asilimia 10 na 15 ya joto la kuni. Roketi nzuri hufika mara mbili ya hapo. Kwa hiyo ukitumia vizuri utaokoa karibu nusu, 750 kwa siku, zaidi ya 22,000 kwa mwezi. Gawanya bei ya jiko kwa hiyo. Likizidi mwaka mmoja, jiko ni ghali au kuni zako ni za bure. Wa kijijini anayeokota mwenyewe ahesabu masaa yake.

Njia nyingine ya kuokoa haina bei: loweka kande na maharage usiku kucha. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kama nyuzi 96 tu, ndiyo maana maharage ya Dodoma hayaivi upesi kama ya Dar. Yakishachemka nusu saa, yafunike, uitie sufuria kwenye kikapu kilichojazwa matambara au pumba, yatamalizikia humo bila moto.

Linadumu muda gani?

Chumba cha moto ndicho kinachokufa kwanza. Cha bati la kawaida, miezi. Cha chuma kisichoshika kutu au udongo uliochomwa vizuri, miaka miwili mitatu, kama huligongi na hulimwagii maji likiwa la moto. Muulize fundi kama anauza chumba hicho peke yake. Akisema ununue jiko jipya, tafuta fundi mwingine.

Nilimpelekea bibi jiko kijijini, kalifanya kiti.

Bibi ana sababu, ulimuuliza? Kwa watu wengi wa huku, moshi una kazi. Mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya mafiga hayaliwi na dumuzi. Paa la nyasi halishikwi na wadudu. Mbu hukaa mbali jioni. Ukimletea jiko lenye moshi mdogo, umemchukulia vyote hivyo, na hujampa mbadala wowote.

Mpelekee mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, na chandarua. Na jiko liwe la kimo chake: bibi anapika ameketi kwenye kigoda, wewe ukampelekea jiko linalomfika kifuani. La kwangu mwenyewe lilikataliwa Mvumi kwa sababu hiyo hiyo. Nililikata miguu sentimita kumi na mbili, nikarudi nalo wiki iliyofuata, akaliwasha bila kuniambia kitu, akaniuliza tu kama nimekuja na chumvi.